Barafu ya Bia

Noelene Pietsch, kinyozi pekee wa mji wa Birrindi, alikuwa amechoka kuchoma soseji. Katika klabu yao ya magari soseji ni kazi ya akina Pietsch tangu zamani. Kila kiangazi yeye na shemeji yake Merv hushindana mbio fupi kwenye kiwanja cha ndege za kunyunyizia ngano dawa, na anayeshindwa huvaa aproni na kuwachomea watu wote. Misimu miwili mfululizo koleo lilikuwa mkononi mwa Noelene, na Merv akija na kipande chake cha mkate kumwuliza kama vitunguu vimeiva.

Subaru yake ilikuwa na turbo hodari, pampu ya kuisukumia injini upepo. Lakini turbo ikisukuma upepo huupasha moto, na injini hupenda upepo wa baridi. Ndiyo maana kuna intakula, rejeta ya kuupoza. Ya kwake ilikuwa ndogo, imelala juu ya injini. Birrindi nzima huweka kubwa, mbele kabisa, ing'are kwenye bampa kama meno ya dhahabu. Noelene naye akanunua moja, pana kama mlango wa kabati. Dot, rafiki yake aliyemsaidia kuifunga, akarudi nyuma akaitazama.

"Mwenzangu, hili gari au friji?"

Wakaijaribu kwenye barabara ya maghala. Noelene akakanyaga mafuta. Gari likafikiri kwanza. Upepo ulikuwa na safari ndefu, kuzunguka mabomba yote na kulijaza lile dude, na nguvu ilipowasili Noelene alikuwa keshapiga mwayo. Kwa mbio ndefu lingefaa sana; kwa mbio zao fupi, hata mtu wa miguu angekuwa keshafika na kuvua viatu. Walicheka mpaka Dot akakaa chini. Kisha wakaling'oa, wakarudisha ile ndogo juu ya injini, ambako upepo hauna safari ndefu.

Siku ya mashindano jua lilikaanga kila kitu. Wakiwa wanangoja zamu yao, Merv alichungulia tundu la boneti.

"Shemeji, hiyo ni intakula au kikaango?"

Kejeli yake ilikuwa na ukweli. Gari likisimama, joto la injini lilipanda moja kwa moja na kuikalia ile ndogo. Noelene aliigusa, akakimbizia kidole mdomoni. Akaliona koleo linamwita. Ndipo macho yake yalipoangukia deli la bia la klabu, ambalo Merv mwenyewe alikuwa amelijaza barafu asubuhi.

Hakuomba ruhusa. Yeye na Dot waliichota barafu yote kwa aproni ya soseji, wakaifunika intakula mpaka maji yakachuruzika chini ya gari.

Bendera iliposhuka, Subaru iliruka kama paka aliyemwagiwa maji. Gari la Merv, lenye dude lake kubwa mbele, lilikuwa bado linavuta pumzi. Noelene alivuka mstari peke yake, akicheka hata akasahau breki, akaishia katikati ya mabua ya ngano.

Furaha ikadumu mpaka watu walipofungua bia. Zilikuwa vuguvugu kama chai ya mgonjwa. Kesi ya barafu haikuchukua muda; hata Dot alinyoosha mkono kumtia hatiani. Noelene akavishwa aproni iliyolowa, akashika koleo akicheza.

Merv akaja na mkate wake. "Vitunguu vimeiva?"

"Nenda nyuma ya foleni, shemeji," alisema Noelene. "Ndiyo nafasi yako leo."