Siku Tuliyompisha Pongo

Nilipokuwa mtoto kule Mabira, karibu na mpaka wa Rwanda, nilikuwa na ndugu mwenye miguu minne. Muziro wa ukoo wetu, yaani mnyama tusiyemla wala kumdhuru, ni engabi, yule anayeitwa pongo kwa Kiswahili. Darasa letu la tano lilipopata safari ya kutembelea hifadhi ya msitu, bibi alinishika mkono.

"Ukimkuta njiani, msalimie, umpishe. Ukimkatia njia, ngozi itakubabuka."

Kosa langu ni kumsimulia Deo, niliyekaa naye dawati moja. Ndani ya lori la kahawa lililotubeba, darasa zima liliimba kwamba nakwenda kumwamkia shangazi mwenye mkia. Nilitamani kushuka.

Tulitembea asubuhi nzima nyuma ya askari wa wanyamapori bila kuona kitu isipokuwa mavi ya nyati. Kelele zetu zilitosha kuwahamishia wanyama wote Rwanda. Mwalimu akasema turudi. Mimi nilikuwa mbele, nikiwakimbia wachekaji, ndipo nikamwona: pongo jike katikati ya njia, madoa meupe mapajani. Niliogopa kuchekwa, lakini bibi nilimwogopa zaidi.

Nikatanua mikono kuziba njia. "Hapiti mtu," nikanong'ona. Kisha nikamgeukia yeye. "Shikamoo."

Deo akaanza kucheka, askari akamziba mdomo kwa kiganja. Pongo hakukimbia. Akapiga mguu chini, na kutoka kichakani akatokea mtoto wake, akavuka njia akiyumbayumba. Mama akamfuata bila haraka. Kumbe alikuwa anamsubiri. Mwalimu wetu, Mlutheri hasa, alikuwa amevua kofia.

"Miaka yangu yote humu," askari akasema, "sijaona pongo akituvumilia hivi."

Wakati wa kurudi nilikaa mbele na dereva, kiti walichokigombania wote. Nilijaa furaha mpaka nikaimba peke yangu. Jioni Deo alinifuata nyumbani, akamwamkia bibi, akauliza kama anaweza kuingia ukoo wetu.

"Ukoo hauombwi kama chumvi," bibi akajibu. "Ila kumpisha, hata wewe unaruhusiwa."

Sijui kama ngozi yangu ingebabuka kweli, na sina hamu ya kujaribu. Najua tu kwamba aliyechekwa kuliko wote ndiye aliyewaonyesha wenzake wanyama pekee wa siku ile. Deo hakuingia ukoo wetu, alioa humo: alinioa mimi. Nyama ya pongo haijawahi kufika jikoni kwetu, na anayeikataza kwa ukali ni yeye.