Maneno Yake Vinywani mwa Watu

Mtaani walimwita Mama Hodi, maana kazi yake ilikuwa kubisha milango ya watu. Kulikuwa na shule moja ya sekondari ya serikali ambayo kila mzazi aliitamani. Nafasi chache, waombaji kama siafu. Alama za mtihani zilitangulia, kisha mtoto aliyebeba mzigo nyumbani aliongezewa nyingine: anayeuguza mzazi, anayelea wadogo zake, asiye na wa kumtegemea. Mzigo huo mwombaji aliueleza mwenyewe. Na kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake, shule ilihitaji mtu wa kwenda kujionea.

Mama Hodi alikuwa amefundisha chekechea mpaka magoti yakakataa vile viti vidogo. Kazi hii ya kutembea, ajabu, magoti yaliikubali. Alivaa viatu vya raba na kubeba chupa yake ya maji, asije akalazimika kupokea chai ya mtu. "Chai ya mwombaji," alisema, "huzidishwa sukari." Hakupekua makabati wala kuuliza maswali ya kipolisi. Alikaa, akazungumza, akatazama. Aliwajua watoto, na kwa miaka yote ya kazi hiyo mkuu wa shule hakuwahi kulitilia shaka neno lake.

Nyumbani alikuwa na mumewe, dereva wa lori aliyestaafu na kuoa redio, kama alivyomtania, na wifi yake, dada wa huyo mume. Wifi alikuwa msusi. Ndoa yake ilipovunjika alikuja na begi moja, akasema atakaa kidogo tu apumue. Alipumua miaka saba. Mama Hodi hakulalamika hata siku moja, kwa sababu hakuwahi kuwa na dada, na huyu alikuwa dada kuliko dada. Jioni alikaa kwenye mkeka, kichwa magotini pa wifi, akasukwa huku akisimulia ya siku ile. Hakutaja majina wala nyumba. Aliamini hapo siri za watu ameshazitunza.

"Enhe," wifi aliuliza, vidole vikiendelea. "Na ukajuaje kwamba yule mtoto anamuuguza mama yake kweli?"

"Mtoto anayeuguza, wifi yangu, sikio lake moja liko chumbani siku zote. Mnaongea, ghafla ananyamaza, anasikiliza. Na anajua mgonjwa analalia ubavu gani. Mwongo hajui ubavu."

"Ama kweli una macho."

Mumewe hakumuuliza maswali kama hayo; aliomba tu wasizungumze vidonda akiwa anakula. Wifi ndiye aliyeuliza, na Mama Hodi alilala akijiona mtu aliyesikilizwa.

Msimu wa maombi ulipofika, aliingia nyumba moja yenye vigae sakafuni. Mvulana wa pale alikuwa akimweleza habari za shangazi mgonjwa, mara akanyamaza, akainamisha kichwa upande wa chumbani. "Samahani," akasema. "Sikio langu moja liko chumbani siku zote."

Mama Hodi alihisi kama ameiona nguo yake mwilini mwa mtu mwingine. Akajiambia ni bahati tu, maneno hukutana. Lakini nyumba iliyofuata binti mmoja akanyamaza vilevile, na moyo wa Mama Hodi ukaanza kuota miiba.

Kesho yake akafika kwenye chumba cha nyuma cha fundi ujenzi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la kazi. Mwanawe, kijana mwembamba mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, alimkaribisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaanza kueleza anavyomgeuza baba asubuhi kabla ya shule. Katikati ya sentensi akanyamaza, akatega sikio upande wa pazia.

Na huyu pia, Mama Hodi akawaza. Hakungoja amalize wala hakufunua pazia. Aliaga, akaenda, na shuleni akatoa jibu kwamba maelezo ya kijana yule hayakuthibitika.

Nyumba ya mwisho wiki ile ilikuwa ya mama mwenye duka la vitambaa. Bibi alikuwa kitandani, shuka mpaka kidevuni. Mama Hodi akamuuliza binti bibi analalia ubavu gani.

"Wa kushoto," binti akajibu kabla swali halijaisha. "Wa kulia una kidonda, haugusiki."

Bibi, aliyekwisha kuchoka na mchezo wenyewe, akajigeuza akalalia wa kulia, akashusha pumzi ya raha.

Hakuna aliyecheka. Mama Hodi akauliza polepole, "Mwanangu, nani amekufundisha?"

Mama yake ndiye aliyejibu, na alionekana kushangaa kweli. "Kwani si wewe, mama? Yule msusi wako amesema anatoka kwako. Amesema nyinyi ni kitu kimoja."

Alimkuta wifi barazani, akimsuka mteja. Wifi alimtazama usoni mara moja tu, akajua.

"Dada, tutamalizia kesho," akamwambia mteja, ambaye aliondoka na nusu ya kichwa.

"Uliwaambia watu nimekutuma?"

"Nilisema natoka kwako. Uongo? Silali hapa?"

"Na ya wagonjwa? Ya sikio, ya ubavu?"

"Nimewasaidia wazazi wenye hofu. Wakatoa ahsante, nikapokea." Wifi aliokota kitana, akakipangusa nywele. "Wewe unawapa alama wanaojua kuteseka mbele yako. Mimi nikawafundisha wasiojua. Mbona hao nao ni watoto?"

"Nilikuwa nakwambia wewe, wifi. Si watu. Wewe."

"Ungeniambia nisiseme, nisingesema."

Hapo ndipo palipomuuma. Alitafuta lini, katika miaka saba, iliwahi kumpitia akilini kwamba mambo ya pale mkekani yanahitaji kufungwa kwa kufuli. Hakupata. Kisha wazo lingine likamjia, akashika nguzo ya baraza.

"Yule mtoto wa fundi ujenzi. Naye ulimfundisha?"

"Fundi gani? Wa kule vyumba vya nyuma? Wale hawasuki kwangu."

Alirudi kule siku ileile. Safari hii alifunua pazia. Fundi alikuwa amelala chali, mito miwili chini ya magoti, ngozi ya visigino imepakwa mafuta vizuri kama ya mtoto mchanga. Kijana alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko.

Kwa mkuu wa shule alisema yote, bila kujisaza. Aliomba jambo moja tu, kijana yule arudishiwe alama zake. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Nitajuaje sasa ipi ni kweli, mama? Wenye kweli na waliofundishwa wanasema maneno yaleyale."

Mwaka ule alama zote za mizigo ya nyumbani zilifutwa, ukabaki mtihani peke yake. Binti wa duka la vitambaa, aliyesoma kwa mwalimu wa masomo ya ziada, alipita kwa mtihani wake mwenyewe. Mtoto wa fundi alikosa kwa alama chache. Kazi ya Mama Hodi nayo ikaisha, kwa maneno ya heshima na kupeana mikono.

Alikwenda mwenyewe kumpa kijana habari, na kumweleza kwa nini. Kijana alisikiliza amesimama, kitambaa begani.

"Ulisema umekuja kutazama," akasema. Hakuwa na hasira. "Mbona hukutazama?"



Nyumbani alimwambia mumewe kwamba hawezi tena kukaa na wifi. Mumewe alipunguza redio. "Ni dada yangu. Aende wapi? Na hayo maneno si ulimpa mwenyewe?" Kisha akaiongeza sauti tena.

Basi wifi akabaki. Asubuhi husalimiana, hupishana mlango wa bafu, hupeana chumvi mezani. Mama Hodi alikata nywele zote, akasema ni joto. Mumewe humwambia kila mtu kwamba siku hizi nyumba yake ina utulivu. Wanawake wake wawili wala hawagombani.