Karabai ya Mama Agnes

Waliokuwepo siku ile ni hawa: babu Yohana na bibi Miriamu, wenye nyumba, watoto wao watatu, yaani baba mkubwa Elieza, shangazi Rebeka, na baba yangu Samweli, wake na waume zao, na sisi wajukuu tuliobanwa chini kama magunia ya viazi. Na mama yangu, Agnes wa Mlola, aliyekuwa akiishi na baba bila ndoa ya kanisani, jambo ambalo shangazi Rebeka hakulimeza hata siku moja.

Ilikuwa Lukozi, miezi ya baridi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, manyunyu hayakatiki, basi picha ya ukoo aliyoililia babu ikabidi ipigwe ghalani, kwenye harufu ya mafuta ya taa na maharage makavu. Bwana Kasimu, mpiga picha, alipanda kutoka Lushoto na kamera moja ya miguu mitatu. Balbu zake za kumulika zililowa njiani. Safu ya nyuma ilikuwa giza tupu. Akauliza kama kuna karabai. Ilikuwepo moja tu, ya mama, aliyokuja nayo kutoka kwao. Bwana Kasimu akaikinga upande wa kamera kwa bati la debe, akasema kamera itakaa wazi, mtu apite nayo polepole mbele yetu akitumulika uso kwa uso, na sisi tusitikisike.

"Wifi, ibebe wewe, taa si yako?" alisema shangazi Rebeka.

Mama akasita. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na kiti chake kilikuwa kando ya baba. "Na mimi kwenye picha?"

"Unapita mbele yetu sote, unaogopa nini? Wewe ndiye utakayeonekana kuliko wote!"

Baba mkubwa Elieza akatania kwamba huyu wa Mlola atatuziba sura. Tukacheka, tukaamini, hata babu. Nani kati yetu angejua kwamba mtu anaweza kupita mbele ya kamera asionekane? Mama akapita, shingo kaigeuzia kamera, akitabasamu mpaka mwisho wa safu. Shangazi alikuwa amekalia kiti cha mama, eti kisikae kitupu.

Picha ilipokuja, sote tulikuwa tumeng'aa. Mama hayumo, hata kivuli. Akanishika mkono tukateremka Lushoto kwa bwana Kasimu. Yule mzee aliinamisha kichwa. "Mama, anayetembea hashikwi na kamera namna ile. Nilimwambia wifi yako kabla hujaishika taa. Akasema unajua, na umekubali." Tuliporudi mama akamweleza baba. Baba akajibu, "Hayo mambo ya wanawake, yaacheni," akaitundika picha ukutani.

Mama alifariki kabla hajapigwa picha yoyote. Siku hizi wajukuu zangu wanapiga picha hata sahani ya ugali, usiku wa manane, simu inajimulika yenyewe. Wakiniuliza bibi yao mkubwa alifanana na nani, nawaonyesha shavu langu la utotoni kwenye picha ile, nawaambia mwanga huo ni yeye.

Ndugu wa Lukozi mliobaki, kama nimekosea nani alikaa wapi, nisahihisheni, sitakasirika. Na pale niliposema mama hana picha yoyote, hapo ndipo naomba sana niwe nimekosea.