Ulimbo Kwenye Manyoya ya Shemeji

Nilipokuwa mtoto kule Ruponda, sikuwa na mkono wa kusuka ukili wala wa kupika ugali ukaiva. Nilichokijua ni kutega ndege. Bibi mzaa mama, tuliyeishi naye, alinicheka akisema mke mwenzake kazaliwa na kaptula. Nilikinga utomvu wa miti, nikauchemsha kwenye kopo mpaka ukawa ulimbo wa kunata, nikauzungushia vijiti na kuvipanga penye maji, walipokuja chiriku kunywa.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito. Bibi alinionya mapema: nyumba yenye mjamzito haitegi ulimbo, maana kinachonaswa nje hunaswa na ndani. Niliitikia, kisha nikaendelea kutega kwa siri. Nilikuwa na miaka kumi, na sikio la kufa halisikii dawa.

Siku mama alipopelekwa hospitalini, akiwa kwenye uchungu tangu alfajiri, paka wetu alirudi nyumbani amenaswa. Tulimwita Shemeji kwa sababu alifika kwetu bila kualikwa akaenda moja kwa moja jikoni. Alikuwa amemfuata chiriku mtegoni. Kijiti kilikuwa kimegandana na ubavu, mguu wa mbele umeshikamana na kifua, na manyoya yamejaa mchanga na majani makavu.

Bibi alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakunipiga.

"Mbandue," akasema. "Mbandue mpaka mwisho. Mama yako hajifungui huyu akiwa hivi."

"Nikate manyoya, bibi?"

"Usikate! Kilichonasa kinabanduliwa, hakikatwi."

Akanipa chupa ya mafuta ya ufuta, akaenda kutandika msala. Nilianza na maji na sabuni, ulimbo ukazidi kukakamaa. Ndipo nikapaka mafuta, nikasugua kwa vidole, nikafuta kwa kitambaa, nikapaka tena. Shemeji alinikwaruza mpaka viganja vikawaka moto. Kila donge lililolegea nilisema moyoni, haya mama, haya. Adhuhuri kijiti kilitoka. Alasiri mguu ukaachia. Likabaki donge moja kwapani, dogo kama punje ya hindi, limeshika mpaka kwenye ngozi.

Nilikuwa nimechoka, na bibi alikuwa ameenda kisimani. Nikachukua wembe, nikalikata.

Bibi aliporudi alimpapasa paka mwili mzima, akaridhika, akaniita fundi.

Jioni baba alirudi peke yake kwa bodaboda. Mtoto alikataa kutoka, akasema, ikabidi mama apasuliwe. Alikuwa wa kiume. Alitolewa kimya na hakulia hata mara moja. Mama alipona, ila hakupata mtoto mwingine tena.

"Kwa nini wakamkata mwanangu?" bibi alikuwa akilia, kanga mdomoni. "Sisi si tulibandua vizuri? Si tulibandua?"

Nilikaa ubavuni pake nikinuka ufuta, nikamwachia swali lake. Bibi alifariki miaka mingi baadaye akiamini kwamba kazi yangu ilikuwa safi.

Leo mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Ruangwa. Wanafunzi wakiniletea habari za miiko ya wajawazito huwa nawatania, nachora mfuko wa uzazi ubaoni, naeleza kwa nini mtoto hukwama, na hakuna paka yeyote kwenye mchoro wangu. Nayajua yote hayo. Lakini sijui mama aliingizwa chumba cha upasuaji saa ngapi, kabla ya wembe au baada yake, na kwa miaka yote hii sijathubutu kuuliza.

Sasa anaishi kwangu. Magoti yamemchakaa, hivyo namwogesha mwenyewe, na kila siku naliona kovu lile chini ya kitovu. Mara mbili nimefungua kinywa nimwambie. Mara zote mbili nimeishia kumuuliza kama maji hayajawa ya moto mno.

Siogopi anikasirikie. Mama ni mtu wa kusamehe kabla hujamaliza kusema, na hicho ndicho ninachokiogopa. Akisema amenisamehe, basi itakuwa kweli ni mimi niliyemkata.