Redio ya Shule Iliyosahau Kuzimwa

Ijumaa asubuhi, kengele ya kwanza bado haijalia, na karani wa shule ya msingi amejifungia stoo. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati ya mifagio na gunia la mipira iliyoishiwa upepo, simu kaiweka karibu na mdomo kama mtu anayetaka kuiuma.

"Wazazi wangu, walezi wangu, mabibi na mababu, hamjambo," anaanza. "Aliyeko jikoni apunguze moto, aliyeko njiani asimame pembeni. Hizi hapa habari za shule yenu."

Habari zinamiminika. Jumatatu vitabu vya maktaba virudishwe, hata vile vilivyotafunwa na mdogo wake mwanafunzi. Jumatano wanakuja wapima macho, kwa hiyo watoto waoshwe uso na waambiwe mapema kwamba hakuna sindano. Darasa la kwanza waje na chupa tupu kwa somo la kupima maji. Tupu, anasisitiza, maana safari iliyopita moja ilikuja na mafuta ya kupikia na mwenye mafuta akayafuata mbio. Sweta nne zimeokotwa uwanjani, moja ina nusu biskuti mfukoni.

"Mwenye sweta aje. Biskuti asiulize."

Na kesho Jumamosi, anamalizia kwa sauti ya kupandisha bendera, ni Siku ya Familia.

Akimaliza hatumi. Anaweka simu sikioni na kujisikiliza kutoka salamu mpaka kwaheri, uso kaukunja kama anayeonja dawa. Ndipo anabonyeza.

"Hii tabia ni mpya, ina wiki mbili tu," anasema, akijipangusa vumbi la stoo. "Zamani nilikuwa natuma hivihivi, kama mtu anayemwaga maji dirishani bila kuangalia nani anapita."

Wiki mbili zilizopita aliyamwaga, na aliyekuwa anapita chini ya dirisha alikuwa mwalimu mkuu.

Wazazi wanamwita Redio. Mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo, aliingia shuleni mwaka jana kushika nafasi ya karani mzee aliyestaafu. Aliingia kwa majaribio. Kwa lugha ya kawaida, anafanya kazi yote na kulipwa nusu, mpaka siku mwalimu mkuu atakapoamua kama anafaa au arudi alikotoka. Nyumbani kuna mama yake mzazi na binti yake wa darasa la pili, vyumba viwili, na wote watatu wanautegemea huo mshahara nusu.

Alipofika, habari za shule zilikuwa zinaandikwa kwenye karatasi na kutiwa kwenye mikoba ya watoto. Karatasi hizo zilikuwa na safari ndefu. Nyingine ziligeuka ndege kabla hazijavuka geti. Nyingine zilifungia karanga. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, viti vinakuwa vingi kuliko watu.

"Nikakaa nikawafikiria hawa wazazi," anasema. "Mama mmoja yuko kwenye cherehani, mikono yote miwili ina kazi. Baba mwingine anachomelea vyuma. Yuko bibi anayelea wajukuu wanne, na miwani yake imebaki mkono mmoja. Macho yao yana shughuli. Masikio je? Masikio yamekaa tu!"

Ndipo akaomba atume habari kwa sauti kwenye kundi la wazazi. Mwalimu mkuu, mtu wa barua zenye kichwa kilichopigiwa mstari, alifikiri siku kadhaa. Akakubali, lakini kwa majaribio.

"Kwa hiyo tukawa wawili wa majaribio," karani anacheka. "Mimi na sauti yangu."

Sauti ilishika. Kwenye karakana ya seremala kazi husimama kidogo Ijumaa asubuhi. Mama wa cherehani anasema mwanawe sasa hathubutu kusema "mwalimu hajatuambia kitu", kwa sababu mama amejua kabla yake.

Kisha jukwaa likatoboka.

Ni jukwaa la mbao, liko mwisho wa ukumbi, la umri wa karani mwenyewe au zaidi. Siku ya Familia ilikuwa imekaribia. Darasa la pili walikuwa wanajifunza wimbo wao, na mwalimu mkuu, kwa kuwa ni mtu makini, akapanda peke yake Alhamisi jioni ili alijaribu. Mchwa walikuwa wameshalijaribu kabla yake.

Asubuhi iliyofuata alimwita karani na kumpa maagizo mafupi: awatangazie wazazi kwamba Siku ya Familia imeahirishwa hadi itakapotangazwa tena, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa shule. Mchwa wasitajwe. Mbao zisitajwe. Mguu ndiyo kabisa usitajwe. Kisha akaondoka kwenda kwenye mkutano wa walimu wakuu.

Karani akaenda stoo. Siku hiyo alikuwa na boksi la chaki mkononi, kwa hiyo akaitegesha simu irekodi yenyewe bila kushikiliwa. Akatoa habari zake, akasema maneno ya kuahirisha kama alivyoagizwa, akaaga. Mlango ukafunguliwa, mpishi wa shule akaingia kutafuta fagio. Karani, akiamini kwamba kwaheri yake imetosha kuizima simu, aliitumbukiza mfukoni.

Kwaheri haizimi simu. Kinachofuata kimesikiwa na familia zisizopungua mia mbili.

"Mwenzangu, hebu sema ukweli," mpishi anasikika akinong'ona, kwa ule mnong'ono wa mpishi unaovuka uwanja mzima. "Ni kweli Mkuu alizama?"

"Mpaka kwenye goti! Nimeingia ukumbini namkuta katikati ya jukwaa, mguu mmoja huku juu, wa pili chini ya mbao, katulia kama mwiko uliosimikwa kwenye uji mzito. Nikamwambia, Mkuu, nikusaidie? Akanijibu, hapana, nakagua."

"Anakagua nini huko chini?"

"Mchwa. Si ndio waliompokea!"

Hapo kuna kicheko kirefu, na kitu cha bati kinaanguka. Kisha sauti ya karani inarudi, imeshuka.

"Lakini mguu utapona. Kinachoniuma mimi ni darasa la pili. Wameimba wiki nzima, yule wangu anaimba mpaka usingizini. Na wazazi tulionao hapa, fundi huyu, fundi yule, ukiwaambia jukwaa limeliwa wanalitengeneza asubuhi moja. Mkuu anaona aibu. Anaogopa wataona shule imeoza. Sasa nimesimama hapa nawaambia watu wazima eti sababu ziko nje ya uwezo wetu. Nje wapi? Ziko ndani, chini ya jukwaa!"

Baadaye kidogo alitoa simu mfukoni, akaona ujumbe haujaondoka. Akalaumu mtandao. Akabonyeza.

Jibu la kwanza lilitoka kwa yule bibi wa wajukuu wanne, naye kwa sauti: "Redio, mwanangu, kipindi cha leo kizuri sana. Huyo mpishi awepo kila wiki."

"Nikajiuliza, mpishi gani?" karani anakumbuka. "Nikafungua nikasikiliza. Nilipofika kwenye mwiko, jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo."

Akafuta haraka. Seremala, baba wa mtoto wa darasa la kwanza, akaandika: "Unafuta nini dada, tumeshashiba. Jukwaa lina upana gani?" Mchomeleaji naye akaingia: nguzo ataleta yeye, za chuma, mchwa wajaribu meno yao.

Mtu mwingine angeona hapo kwamba mambo yanakwenda vizuri. Karani hakuona. Uamuzi wa kazi yake ulikuwa unatolewa mwisho wa mwezi huo huo, na mtu wa kuutoa ndiye huyo huyo aliyefananishwa na mwiko mbele ya wazazi wote. Alimpigia mwalimu mkuu ili aombe radhi mwenyewe. Simu ilikuwa imezimwa.

Nyumbani hakupata wa kumbembeleza. Mama yake alisikiliza kisa chote akiwa anachambua mchele, asiinue hata macho.

"Huo mdomo ni wa baba yako. Mimi simo."

"Mama, nitafukuzwa."

"Basi ungefukuzwa kwa jambo dogo. Mguu wa mtu mzima!"

Binti yake alikuwa na swali moja tu, na alilirudia Jumamosi na Jumapili: "Kwa hiyo tutaimba au hatutaimba?" Karani anasema swali hilo lilimkosesha usingizi kuliko habari ya kufukuzwa.

Jumatatu alifika mapema kuliko kawaida. Kikombe chake na kandambili za ofisini alikuwa ameshavitia kwenye mfuko. Nia yake ilikuwa aweke funguo mezani, aombe radhi ana kwa ana, aende zake kabla watoto hawajaingia. Alipokaribia geti akasikia nyundo.

Ukumbi ulikuwa wazi na mbao zimeegemezwa ukutani. Seremala alikuwa amepiga magoti jukwaani, mchomeleaji yuko chini amebaki miguu tu, mama wa cherehani anapima pazia jipya. Katikati yao, mikono ya shati kaikunja, alisimama mwalimu mkuu ameshika ubao, anaamrishwa na seremala.

"Shika hapo, Mwalimu. Siyo hapo. Hapo! Ukiachia, mimi na wewe tunakagua pamoja."

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu mkuu akacheka pia, kwa kuchelewa kidogo. Kisha akamwona karani mlangoni na mfuko wake.

"Wewe. Ofisini."

Karani anasema njia ya kutoka ukumbini hadi ofisini huwa ni hatua chache, ila siku hiyo mtu alikuwa ameirefusha.

"Kaa," mwalimu mkuu akamwambia.

"Nisimame tu, Mkuu. Nimekukosea. Nilikucheka mgongoni, na si mgongoni tu, kila mtu kasikia. Naomba radhi. Funguo hizi hapa."

"Kuna mzazi aliihifadhi kabla hujaifuta, akanitumia. Nimeisikiliza mara tatu," akasema mwalimu mkuu bila kuzigusa funguo. "Mara ya kwanza nilikasirika sana. Mara ya pili mke wangu alikuwa mlangoni anasikia, akacheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo nikiomba chai ananiuliza, unakunywa au unakagua? Mara ya tatu ndiyo nikaisikia ile sehemu ya darasa la pili."

Nje nyundo zilikuwa zinaendelea.

"Kunisema, umekosea, na usirudie. Lakini mimi nilikutuma ukawadanganye wazazi, na hilo ni langu. Nilidhani wakijua jukwaa limeoza watahamisha watoto. Jumamosi nimewasha simu, nakuta seremala ananiuliza misumari ya ukubwa gani."

Akafungua droo, akaitumbukiza kalamu, akaifunga tena, kama mtu anayetafuta cha kufanya na mikono.

"Kazi unayo. Mwisho wa mwezi nitawaarifu wakubwa kwamba shule imepata karani, na siyo wa majaribio tena. Sauti nayo ibaki. Sharti ni moja: kabla hujatuma, sikiliza mpaka mwisho."

Karani alitaka kukaa sasa. Kiti kilikuwa mbali kidogo kuliko alivyodhani, akajikuta sakafuni.

"Miguu iligoma yenyewe," anasema, na hata leo akisimulia anashika kifua na kushusha pumzi ndefu. "Mkuu akainuka, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia, hapana, nakagua."

Wote wawili walicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia kuna nini.

Jioni hiyo binti yake alimngoja mlangoni na swali lake lile lile. "Mtaimba," karani akamwambia. Mtoto akaondoka mbio kumwambia bibi yake, asiulize habari za kazi, za funguo, wala za mtu yeyote. Bibi naye akaendelea kupanga sahani, lakini karani anaapa kwamba alimwona akijifuta macho kwa upande wa kanga.

Mwalimu mkuu mwenyewe, akiulizwa, haongezi mengi. Anasema jukwaa sasa linaweza kubeba shule nzima na walimu wake. Anasema pia wazazi wameomba orodha ya vitu vingine vilivyooza, na anakiri inamtia wasiwasi jinsi walivyoichangamkia. Paa la maktaba ndilo linalofuata.

Karani naye ana mpango. Muhula ujao anataka darasa la nne wachukue sehemu ya habari za Ijumaa, watangaze wenyewe mambo ya darasa lao. Wameshaanza kugombania nani asome. Mmoja anafanya mazoezi chooni kwa sababu sauti inavuma.

Lakini kabla ya hayo kuna kesho. Ijumaa hii mchana, watoto wa darasa la pili wako jukwaani kwa zoezi la mwisho. Pembeni kuna magunia ya mbio za wazazi na watoto, na ukutani kazi za madarasa yote zimebandikwa, picha za familia zenye vichwa vikubwa na miguu myembamba. Mwaka jana karani aliipitisha Siku ya Familia akikimbia na funguo, akifungua hiki na kufunga kile, akausikia wimbo wa binti yake kwa mbali, akiwa dirishani. Safari hii mwalimu mkuu amezichukua funguo.

"Nitakaa benchi la mbele kama mzazi yeyote," anasema. "Wangu yuko mstari wa pili, pale, anayekuna sikio. Nataka nimsikie tangu mwanzo mpaka mwisho. Sitasema neno."

Mpishi anapita na ndoo ya maji, anasimama. "Hata moja?"

Karani anafungua mdomo amjibu. Anaufunga. Anatikisa kichwa.