Siku Rayford Alipomwachia Mwanawe Ngazi

Rayford Tolliver, Mmarekani mweusi, alikuwa akisafisha mifereji ya mapaa mjini Macon tangu mwanawe hajaota jino. Kabla ya kuegemeza ngazi kwenye nyumba ya mzungu, humwomba mwenye nyumba atoke, wasimame mbele ya nyumba wazungumzie mvua au mpira mpaka majirani waone. Hapo ndipo hupanda. Mwanawe, Jarvis, humcheka: "Baba, wewe huanzi kazi mpaka uposwe."

Majani yalipoanza kupukutika mwaka ule, Jarvis alikuwa na miaka kumi na minane. Akaomba aende peke yake kwa Bi Haskell, kikongwe wa kizungu mtaa wa juu. Rayford akampa ufunguo wa gari la kazi.

"Lakini mtoe nje kwanza."

"Ana baridi yabisi, Baba."

"Basi asimame dirishani."

Jarvis akaondoka. Rayford akakaa, akainuka, akakaa tena. Mwisho akachukua gari la mkewe, akaenda kuliegesha chini ya mti, ng'ambo ya nyumba ile.

Kijana alikuwa juu tayari, na dirishani hapakuwa na mtu. Akatokea jirani, mzungu mwenye mbwa, akasimama chini ya ngazi. Rayford akashika kitasa cha mlango wa gari. Akakiachia. Mtu mweusi mmoja kwenye ngazi ni swali. Wawili ni simu polisi. Akashusha kioo tu.

"We kijana, nani kakuita?"

"Bi Haskell, bwana. Yumo ndani, miguu inamsumbua. Mgongee, atafurahi. Analalamika majirani hawamjulii hali."

Yule bwana akasita, kisha akagonga kweli. Mlango ukafunguka, akaingia na mbwa wake.

Jarvis akashuka, akavuka barabara moja kwa moja mpaka kwenye gari.

"Uko hapa tangu lini?"

"Napita tu."

"Umezima injini, unapita?" Kijana akainama dirishani. "Baba, mtu mweusi kajikunyata garini, anachungulia nyumba za watu. Watakuitia polisi wewe, halafu nianze kukutetea mimi."

Rayford alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Kila neno la mtoto yule alikuwa amemfundisha mwenyewe.

"Bado upande wa nyuma," Jarvis akasema taratibu. "Nenda nyumbani, Baba."

Upande wa nyuma hauonekani kutoka barabarani. Rayford akamtazama mwanawe, mikono imejaa tope la majani yaliyooza.

"Ikandamize ngazi vizuri. Ardhi imelowa," akasema, akawasha gari.

Mkewe alimkuta barazani, hajavua buti, simu iko pajani. Akavuta kiti, akakaa naye.