Sekunde Nne za Fundi Dakika

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi Dakika, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilitosha meza moja na watu wawili wasiopenda kula, na ukutani zilining'inia saa kumi na saba, zote zikisema jambo lilelile. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, kioo cha kukuzia kimefungwa kwenye paji la uso, na majivuno yasiyolingana kabisa na urefu wake. Akikwambia saa yako imechelewa dakika mbili, alikwambia kwa sauti ya daktari anayemweleza mgonjwa habari za ini.

Kibanda kilimlisha tu. Kilichompa uhai kilikuwa kiti cha plastiki kwenye meza ya waamuzi, pembeni ya uwanja wa mpira wa kikapu. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye alikuwa mtunza muda wa ligi ya wanawake. Ubao wa umeme wa ukumbi ule ulikufa zamani na hakuna aliyeulilia, kwa hiyo muda wote wa mchezo ulikaa kiganjani mwake, ndani ya saa ya mviringo yenye kitufe kimoja juu: bonyeza inakwenda, bonyeza inasimama. Hakuna mwingine aliyeiona. Akipuliza honi, mechi imekwisha, hata kama mama mzazi wa mchezaji yuko jukwaani anazimia. Ndio utukufu pekee aliokuwa nao duniani, na mimi simcheki, maana wengine wetu hata huo hatuna.

Kasoro yake ilikuwa moja. Mtunza muda hatakiwi kuwa na timu, na yeye alikuwa nayo. Chini ya shati jeupe la meza alivaa fulana ya njano ya Nyuki, kila mechi, iwe joto, iwe baridi. Na kama vile hayo hayatoshi, kocha wa Radi, mahasimu wakubwa wa Nyuki, alikuwa kaka wa mkewe. Huyo shemeji alikuwa na mdomo mchafu na roho safi, na walipokutana mezani kwa dada mtu walitaniana mpaka chakula kikapoa.

Haya, fainali. Jumamosi alasiri, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa madirishani kama kunguru. Radi sitini na moja, Nyuki sitini. Zimebaki sekunde nne, mpira ni wa Nyuki, lakini unarushwa kutoka mwisho kabisa wa uwanja, chini ya kikapu chao wenyewe. Kwa akili za kawaida mechi imekwisha. Mashabiki wa Radi wameshaanza kucheza. Nahodha wa Nyuki, muuguzi mmoja mrefu anayeitwa Ngazi, anaudaka mpira na kutimua mbio.

Mtunza muda anapaswa kubonyeza mara tu mpira unapoguswa na aliye ndani ya uwanja. Kazi nzima ni hiyo, hakuna nyingine. Fundi Dakika akafanya nini? Akashika kichwa! Mikono yote miwili, saa ndani ya ngumi, mdomo wazi, akisema kimoyomoyo, "Kimbia dada, kimbia." Ngazi alipovuka mstari wa katikati ndipo alipoishusha mikono, akaitazama saa, na mshale umetulia palepale kana kwamba uko likizo. Akabonyeza. Ngazi akatoa pasi, akarudishiwa, akaruka, akarusha. Mpira ukazunguka kwenye chuma mara mbili, ukazama. Honi ikalia. Nyuki sitini na mbili.

Ukumbi ulipasuka. Kocha wa Radi alikuja mezani ametoa macho. "Shemeji!" alifoka mbele za watu. "Hizo sekunde nyingine umezizalia wapi?"

Palepale Fundi Dakika angesema, "Nimechelewa kubonyeza," na mwamuzi angekifuta kikapu. Maneno mawili tu. Badala yake akasema, "Mimi nimefuata saa," akaitia saini karatasi ya mechi.

Basi shemeji mtu akaipiga teke ndoo ya maji, akakataa kuwapa mkono Nyuki, akawatoa wasichana wake ukumbini bila kupokea medali. Kabla jua halijazama chama kilikuwa kimeshamwita kwenye kamati ya nidhamu, Jumatatu saa tisa alasiri. Adhabu iliyotajwa ilikuwa kufungiwa misimu miwili. Misimu miwili, jamani, mtu ambaye hana mke, hana shamba, hana kitu kingine chochote ila ile timu.

Jumapili nyumbani hakukukalika. Mkewe aliosha vyombo kwa kelele kama anavipiga vita.

"Kaka yangu ana mdomo," alisema bila kugeuka, "lakini hajawahi kusema uongo. Kama anasema muda uliisha, uliisha."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

"Mimi nimesema hivyo? Nimesema kaka yangu si mwongo. Hayo mengine unajisemea mwenyewe."

Fundi akajitia hamnazo, akachukua gazeti, akalisoma ukurasa mmoja kwa saa nzima.

Jumatatu asubuhi hata hajamaliza kufungua kibanda, mabishano yakamfuata. Kinyozi wa mlango wa pili, shabiki wa Nyuki wa kupindukia, alikuja na mashine ya kunyolea mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja tu, kaka wa watu, hana pa kwenda. Waliongozana na Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha hesabu nusu ya mtaa ule, na ambaye alikuwa Radi tangu Radi ilipoanzishwa.

"Kocha wenu hana adabu ya michezo," kinyozi alikuwa akisema. "Umefungwa, mpe mwenzako mkono, nenda nyumbani ukalie! Mbona sisi mwaka juzi tulifungwa tukapiga makofi?"

"Mlipiga makofi?" alisema Mwalimu. "Mlirusha chupa."

"Chupa zilirushwa na watoto."

"Wewe ulirusha. Ilinipata mimi."

Mteja wa nusu kichwa alicheka, kinyozi akamwelekezea mashine, kicheko kikakatika.

"Sikiliza," Mwalimu aliendelea. "Adabu ya michezo ni kukubali kufungwa. Sawa. Lakini kukubali kuibiwa si adabu, ni uzezeta. Mimi nilihesabu kichwani, nikafika saba. Kama zilikuwa saba, Kocha alikuwa na haki ya kupiga teke hata paa. Kama zilikuwa nne, basi ni mtovu wa nidhamu na mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia."

"Saba! Mzee, ulikuwa unahesabu mapigo ya moyo wako."

"Huenda," alisema Mwalimu kwa upole. "Ndiyo maana tumekuja kwa Fundi."

Kinyozi alichomoa simu. Alikuwa amerekodi sekunde zote za mwisho, tangu Ngazi anadaka mpira mpaka unazama, na alitaka kuwafunga Radi midomo mara moja. Fundi Dakika apime, yamalizike.

"Si kila simu ina saa?" Fundi alijaribu. "Pimeni wenyewe."

"Yangu ni ya Radi na yake ni ya Nyuki," alisema Mwalimu. "Nataka mtu asiye na timu."

Ungemwona! Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na meza yake. Lakini watu watatu wanakutazama, wewe ni fundi saa, utasema nini? Akaitoa ile saa ya mviringo kwenye droo. Kinyozi akaiwasha video. Ngazi akadaka, kitufe kikabonyezwa. Ngazi akakimbia, akatoa pasi, akarudishiwa, akaruka. Mpira ukaacha mkono wake. Kitufe.

Saba na robo.

Aliuangalia ule mshale muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba. Kisha akaifunika saa kwa kiganja.

"Nne," alisema.

Kinyozi alirukaruka, akamkumbatia mteja wake wa nusu kichwa. Mwalimu hakuruka wala hakubisha.

"Nne kamili?"

"Nne na kidogo. Hiyo kidogo ni mpira uliokuwa hewani."

"Basi nilihesabu vibaya." Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nisamehe, Fundi. Juzi nilikusema vibaya mbele ya watu. Na Kocha nimempotosha, mimi ndiye niliyemwambia asiombe radhi hata wakimchinja. Saa tisa nitakwenda kwenye kamati niwaambie kwamba kipimo nimekishuhudia mwenyewe. Nimeshabishana maisha yangu yote, lakini na saa yako sibishani." Akampa mkono. Akamgeukia na kinyozi, akampa mkono. "Hongereni. Mmeshinda kihalali."

Akaondoka polepole, bakora yake ikigonga lami.

Sasa, angetukanwa, Fundi Dakika angevumilia. Angetukanwa angerudisha matusi, siku ikaisha. Lakini kuombwa radhi! Alirudi kwenye kazi, akaangusha skrubu ndogo kuliko chawa, akaitafuta kwa magoti, akaikosa. Akafungua saa nyingine, akaitazama ndani asijue alitaka kufanya nini. Mteja mmoja alikuja akamuuliza mara tatu kama saa yake ni nzima, hakumjibu. Alijiambia kwamba kombe limeshatolewa. Alijiambia kwamba shemeji ataadhibiwa kwa ndoo na si kwa sekunde. Alijiambia mengi, mwanamume yule, na hakuna hata moja lililokaa. Akiondoka kwenye ile meza ya waamuzi, yeye atakuwa nani? Fundi wa kubadilisha betri. Saa nane na nusu akafunga kibanda.

Ofisi ya chama ilikuwa nyuma ya ukumbi: viti sita, kabati la vikombe vyenye vumbi, feni iliyozunguka kwa manung'uniko. Mwenyekiti, muuza mabati mwenye tumbo la kuheshimika, alikaa na katibu wake, mama mmoja aliyeandika kila kitu mpaka kikohozi. Kocha alikaa mbele yao, mikono magotini. Mwalimu alikuwa amesimama, anamalizia.

"...mbele ya macho yangu. Fundi Dakika amepima mwenyewe. Ni nne."

Kocha alimtazama Mwalimu kama mtu aliyesukumwa na nduguye. Kisha mabega yakamshuka. "Mwalimu, wewe umeona?"

"Nimeona."

"Basi mimi nilichanganyikiwa." Akainuka, yule mtu asiyejua kuomba radhi, akaanza kutafuta maneno sakafuni. "Mwenyekiti, mimi..."

"Asiombe!" Fundi Dakika alipayuka kutoka mlangoni.

Wote wakageuka. Akaona ni bora aseme haraka kabla ulimi haujabadili nia.

"Ni saba. Saba na robo. Nilishika kichwa nikasahau kubonyeza, kwa sababu mimi ni Nyuki, mwenyekiti, tangu zamani. Nikatia saini nikijua. Na leo asubuhi nimepima, nimeona saba, nikasema nne. Basi."

Feni ilizunguka. Katibu aliandika "basi", akapiga nukta.

Mwenyekiti alijikuna tumbo. Alisema karatasi ya mechi ikishasainiwa haifutwi, kwa hiyo kombe litabaki lilipo, na isitoshe Nyuki wameshalitembeza mjini na kulipinda sikio moja la kushikia. Kocha hatafungiwa, ila ndoo atanunua. Kuhusu mtunza muda, alisema, chama kitatafuta mwingine. Alisema hilo bila kumtazama. Miaka kumi na miwili ilikwenda kwa sentensi fupi kuliko ile ya ndoo.

Kocha alimsogelea Fundi mpaka pua zikakaribiana. "Shemeji," alisema, "dada yangu angekuwa hajakuzalia watoto watatu, leo ungetoka humu kwa kupitia dirishani." Alipumua. "Mwanaharamu wewe. Kwa nini umekuja?"

"Ulitaka kuomba radhi."

"Nilitaka," alisema Kocha, na machozi yakamlengalenga, akatoka nje ajifute huko.

Alibaki Mwalimu. Fundi Dakika alikuwa amejiandaa kwa yote: asemwe, apigwe bakora, afundishwe upya hesabu. Alitamani hata kimojawapo. Mzee alikunja mkono wa shati, akaitazama saa yake, saa ambayo kwa miaka yote ile hakuna aliyeifungua ila Fundi. Akaitazama kwa makini, akaisogeza sikioni, akashusha mkono wa shati taratibu. Kisha akamgeukia katibu.

"Samahani, mama," alisema. "Saa ngapi sasa?"

Katibu aliangalia simu yake, akamwambia ni saa tisa na dakika arobaini. Mwalimu akashukuru, akachukua bakora, akaenda zake. Fundi Dakika aliitazama ya kwake. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.